Chuo Kikuu cha Nyuma ya Posta

"Kweli mutu anaweza kusoma université bila kutoka mu nyumba, vile mutu anaombaka rozari mu kitanda?"

Aliyeuliza ni Mama Apolline wa Cimpunda, mtaa mmoja wa Bukavu, akichambua maharagwe mlangoni pake, mwaka ule wa vita ambao waasi walikuwa wamekwisha zoea kukaa mjini kama wageni wasiojua kuaga. Alikuwa amesikia redioni kwamba huko Ulaya watu wanasomea mbele ya mashine. Mtoto wa dada yake, mwalimu, alitaka kuongeza masomo, lakini Kisangani hakufikiki, Kinshasa iko upande wa pili wa vita, na hata kwenda Walungu kutafuta mihogo ilikupasa kwanza kuulizia ni nani ameamka na barabara asubuhi hiyo.

Mama Apolline hakumwuliza mtu. Aliuliza hewa. Bahati mbaya, au bahati nzuri, inategemea unasimama wapi, Anaclet alikuwa ameketi hapo karibu akisubiri fundi amalize kushona kiatu chake.

Anaclet alikuwa mwanamume wa suti moja na tai tatu, hata watu wakadhani ana suti tatu. Alikuwa ameuza dawa ya panya iliyowanenepesha panya. Alikuwa ameuza maji ya baraka ya Lourdes yaliyochotwa mto Ruzizi. Tusimhukumu upesi: vita vilifunga viwanda vingi Bukavu, ila kiwanda cha ulimi wa Anaclet hakikukosa umeme hata siku moja.

"Mama Apolline," akasema polepole, "ile swali umeuliza nani?"

"Si nimeuliza tu hewa, papa."

"Basi hewa inakujibu. Université ya vile iko. Na représentant, mujumbe wake, njo huyu unaona mbele yako, na kiatu moja."

Mama Apolline akamtazama kuanzia tai mpaka soksi. Soksi ilikuwa na dirisha. "Wewe?"

"Nilikuwa nangoja tu mutu aulize."

Juma lililofuata, nyuma ya posta, penye nyumba ya internet yenye mashine nne na jenereta inayokohoa kama mzee wa tumbaku, kibao kilitundikwa: UNIVERSITÉ MONDIALE SANS MURS, BUREAU YA KIVU. Maana yake, Chuo Kikuu cha Dunia Kisicho na Kuta. Hapo Anaclet alisema kweli tupu. Hakikuwa na kuta, wala paa, wala mwalimu.

Masomo yalikwenda hivi. Mwalimu anaketi mbele ya mashine. Anaclet anafungua picha ya jengo la kizungu lenye nguzo na majani mabichi yaliyokatwa vizuri, ambayo hakuna mbuzi aliyeyaona. "Ile njo campus yako. Salimia." Mwalimu anasalimia. Kisha anaandika jina lake na anabonyeza. Laini ya siku zile ilikuwa nzito. Ukurasa mmoja ulikuja kama maji ya bomba la Kadutu, tone, kimya, tone. Mtu akianza kuhangaika kitini, Anaclet anamwinamia sikioni.

"Usitikisike. Jury ya mitihani inajadili."

Jenereta likizima, anapiga makofi kutangaza likizo. "Vacances! Tutaendelea na trimestre ya pili."

Na baada ya mihula miwili mitatu ya namna hiyo, yote katika mchana mmoja, mashine ya kuchapa ilitema karatasi nene yenye muhuri wa rangi tatu, na jina la mwalimu likiwa limeandikwa kwa herufi zilizojikunja kama mikia ya vinyonga.

Karo haikuwa pesa. Pesa za wakati ule zilikuwa na kelele: noti hii wanaikataa sokoni, ile ina alama, nyingine ni ya upande wa adui. Chuo kikapokea vitu. Mmoja alileta godoro, mwingine mashine ya kushona, mwingine redio ya betri sita. Anaclet alipanga chumba mbele ya parokia, na chumba kikajaa mpaka yeye mwenyewe akalala kwa kujikunja kati ya baiskeli na mifuko ya sukari. Siku moja akaja askari na bunduki yake, akitaka diploma ya ujenerali. Anaclet alimwinamia kwa heshima akamwambia kwamba darasa la majenerali limejaa nchi nzima. Askari akafikiri kidogo, akaona ni kweli, akaenda zake.

Kitu kimoja tu Anaclet alikuwa amewakataza wanafunzi wake: kelele. "Diplome ya internet ni kitu ya siri ya kimataifa," aliwaambia. Lakini hapo alisahau alizaliwa wapi. Bukavu, mtu akishinda mtihani, hata akiwa amejifungia chooni, shangazi zake watamfikia na makopo ya poda. Watammwagia kichwani, shingoni, mpaka ndani ya masikio, na atatembezwa mtaani mweupe kama mfanyakazi wa kinu cha unga, ili kila mtu ajue nyumba hii ina msomi. Diploma isiyomwagiwa poda, nani ataiamini? Basi kila Jumamosi kukawa na poda Cimpunda, na kila poda ilimletea Anaclet wanafunzi wapya. Akaacha kukataza kelele. Akaanza kuipenda poda kama mtu anavyopenda mvua aliyoilimia.

Ndipo akaja Directeur Théodore.

Théodore aliongoza shule ya msingi yenye watoto wengi na vibao vichache, ambako wazazi ndio waliowalipa walimu, maana serikali ilikuwa imesahau kwamba inao. Aliingia nyuma ya posta amekunja uso, mpwa wake Larissa akimfuata nyuma na viatu vya visigino.

"Mimi nilisoma Kisangani," akasema hata kabla ya kuketi. "Miaka mitatu! Nililala chini, nilikula sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Leo mutoto anabonyeza kitu na kidole, anakuwa sawa na mimi?"

"Papa Directeur," Anaclet akamvutia kiti, "kule Kisangani, professeur alikuwa anakujua jina?"

"Professeur? Tulikuwa bengi sana. Nilikaaka nyuma, karibu na mulango."

"Ulikuwa unamusikia?"

"Siku mvua haipigi mabati."

"Basi! Wewe ulisoma nyuma ya batu mia, huyu atasoma nyuma ya mashine moja. Nani iko karibu na masomo?"

Larissa akacheka, akajifanya anakohoa.

"Huyu Larissa iko anataka kufundisha darasa ya kwanza," Théodore akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ile darasa iko na mwalimu muzee, Mama Domitille, mujane. Yeye iko na brevet tu, cheti ya masister, ya zamani. Nitaambia komite ya bazazi kama sasa tunataka diplome ya université. Kabla ya rentrée ya Septemba itakuwa imeisha."

"Ni mawazo ya kisasa, Papa Directeur."

Beberu ambaye Théodore alimleta kama karo akabadilisha mwenyewe. Larissa akasalimia campus. Jury ikajadili. Na Larissa alipokwisha toka, Directeur akabaki amesimama, akikwaruza meza kwa kucha.

"Na... mutu mukubwa kidogo? Docteur, tuseme? Iko?"

"Iko," akasema Anaclet, kama daktari anayempa mgonjwa habari njema. "Karo yake ni mbuzi jike."

Mama Domitille alipata habari kwenye baraza la shule, mbele ya wenzake. Brevet ya masister imezeeka, Directeur alisema. Dunia imekwenda mbele. Asiye na diploma ya chuo kikuu hatashika darasa Septemba. Juu ya kichwa cha Directeur, kwenye ukuta wa ofisi walimokutana, diploma yake mpya ya udaktari ilikuwa bado inanuka wino.

Mama huyo alikuwa amefundisha watoto wa darasa la kwanza tangu mumewe alipokuwa hai. Vita vya kwanza vilipowakimbiza mpaka Kalehe, alikimbia na vitu viwili mgongoni, mtoto wake na brevet yake iliyofungwa kwa plastiki, na huko Kalehe aliwafundisha watoto wa wakimbizi kwa mkaa juu ya jiwe. Darasa lile ndilo lililompa unga, ndilo lililomwamsha asubuhi. Akiondolewa, angebaki na nini? Kiti mlangoni na mchana mrefu.

Hakulia barazani. Alikwenda nyuma ya posta, akaketi karibu na mlango, rozari mkononi, akatazama. Alimwona mwalimu wa kwanza akisalimia campus. Alimwona wa pili. Jenereta likazima, vacances zikapita, likawaka tena. Anaclet, aliyezoea watu wenye haraka, akaanza kujikuna.

"Mama, tunakusaidia na nini?"

"Naangalia tu, papa. Kama mutoto anakojoa mu darasa, mashine inafundisha mwalimu afanye nini?"

"Iko sura nzima juu ya ile."

"Na kama batoto wawili banafika na kalamu moja?"

"Mwaka ya pili, mama. Ile ni ya mwaka ya pili."

"Ah." Akasogeza punje moja ya rozari. "Kumbe ni masomo mazito."

Anaclet alimpenda hapohapo. Kulikuwa na marinda safi ya kitenge, uso wa misa ya asubuhi, sauti ya kuamini. Tena alijua, maana alizijua habari zote za mji, kwamba nusu ya Cimpunda ilijifunza kushika kalamu kwa mama huyu. Siku mtu wa namna hiyo akipata diploma, nani hatakuja na zawadi? Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wafanyabiashara wa Kadutu, wauza samaki, maseremala, mafundi.

"Mama Domitille," akasema, akiketi karibu naye, "wewe sitakuomba karo. Mutu kama wewe ni heshima kwa chuo. Jina yako nitaiandika mwenyewe, hauna hata haja ya kuketi kwa mashine. Fanya tu shukrani ya kweli, ualike batu. Vitu watakavyoleta siku ile..." akaweka mkono kifuani, "sijui kama unavihitaji sana."

Mama Domitille akamtazama kama anavyomtazama mtoto anayesema kazi ya nyumbani imeliwa na mbuzi.

"Vya siku ile, papa, mimi sitachukua hata kikombe kimoja."

"Hata kikombe?"

"Hata kikombe. Wewe utasema tu mbele ya batu vile unanijua. Na karatasi yako ukae nayo mpaka siku ile."

Anaclet alirudi chumbani kwake akiimba, na akasukuma magunia upande mmoja kutengeneza nafasi. Safari hii, alijiwekea ahadi, atapakia kila kitu kwenye mashua ya Goma kabla mtu yeyote hajaomba trimestre ya tatu.

Jumamosi jioni akasikia kwamba shukrani haifanyiki uani kwa Mama Domitille. Inafanyika kanisani, katika misa ya Jumapili, padri, Abbé Ignace, amekwisha kubali. Alisita kwa dakika kama mbili. Kanisani hakuwa ameingia tangu biashara ya maji ya Lourdes. Kisha akafikiri: kanisa ni kubwa kuliko uani. Watu wengi, vitu vingi. Akafunga tai ya tatu, ile ya sherehe.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa mpaka ngazini. Karibu na mlango, akina mama walikuwa wamepanga vitu: vitunga vya maharagwe, samaki wadogo wa sambaza waliokaushwa, sukari, sabuni, majogoo wawili wenye hasira, kondoo mmoja aliyeoshwa. Anaclet alivipitia vyote kwa jicho la baba anayewaangalia wanawe. Viti vya mbele alikaa Directeur Théodore pamoja na Larissa. Nyuma yao Papa Philémon, seremala, aliyekuwa rais wa komite ya wazazi. Na pembeni Mama Apolline na wenzake, makopo ya poda mapajani, vifuniko vikiwa vimelegezwa tayari.

Kabla ya matoleo, Abbé Ignace akasema: "Leo mwalimu wetu Domitille anamushukuru Mungu kwa miaka yote alifundisha batoto yetu. Iko mutu anataka kumushuhudia. Papa, karibu."

Anaclet akapanda, diploma mkononi. Alianza kwa unyenyekevu, kama inavyopasa. Lakini alipogeuza macho mlangoni aliona mtu anaingiza gunia jingine la mchele, na ulimi ukashika moto.

"Bakristo, mimi nimepitisha balimu bengi kwa mashine ya université yetu ya dunia. Lakini huyu mama! Huyu mama amewapita bote. Nasema mbele ya altare hii: hakuna hata mumoja alimufikia."

Watu wakapiga vigelegele. Jogoo akaitika. Mtu akatoka mbio nje, akarudi na dumu zima la mafuta ya mawese kichwani.

"Hata Larissa hakumufikia?" Mama Apolline akauliza kutoka kitini, maana yule mama hakujaliwa kukaa na swali tumboni.

Anaclet akautazama mchele. Akayatazama mafuta. "Larissa? Mbali, mama. Mbali sana. Hata badocteur benye tuko nabo humu ndani hawamufikii."

Directeur Théodore akapatwa na kikohozi.

"Basi kwa jina ya université," akanguruma Anaclet, "pokea diplome yako!"

Akainyoosha ile karatasi. Mama Domitille alikwisha simama, lakini mikono yake ilibaki chini ya kitenge. Karatasi ikaning'inia hewani. Ikaendelea kuning'inia.

"Abbé, naomba ruhusa niseme," akasema. Kisha kwa upole: "Papa, mimi niliketi mbele ya mashine yako siku gani?"

Anaclet akatabasamu kwa meno yote. "Mama, ile si kitu ya..."

"Swali yako moja nilijibu?"

Watu wakanyoosha shingo. Hata kondoo.

"Sikuketi, bakristo. Nilikaa tu ku mulango nikaangalia. Mimi niko na brevet ya masister, na batoto mumenipa. Nilikuja kushukuru kwa ile tu. Karatasi sijaisomea siwezi kuishika mbele ya Mungu."

Papa Philémon akainuka polepole, kama mtu anayepima ubao. "Ngoja nielewe. Huyu papa amesema mbele ya altare kama Mama Domitille amewapita bote benye walisomea ile mashine. Na yeye hakuisomea. Basi sisi komite tunatafuta nini tena kwa mashine? Papa Directeur, unasema nini?"

Lilikuwa swali baya la kuulizwa mbele ya watu wote. Théodore angeweza kusema shahidi ni mwongo. Lakini muhuri wa mwongo huyo ulikuwa kwenye diploma ya Larissa, na muhuri huohuo, wa rangi tatu, ulikuwa unang'aa kwenye ukuta wa ofisi yake, na karibu kila mzazi aliyekuwa kanisani alikuwa ameuona. Akamwangalia Larissa. Larissa alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mama Domitille," akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa ya minyoo, "atabaki na darasa yake."

Hapo vigelegele vilipaa mpaka ndege wa kwenye mapaa wakaruka. Mama Apolline na wenzake walikuwa wamekwisha simama, makopo juu, na mikono ya mama aliyeinua kopo la poda haijui kushuka bure. Lakini je, wammwagie nani?

"Diplome iko mu mukono ya nani?" akauliza Mama Apolline.

"Ya Papa Anaclet!" wakajibu wenzake kwa pamoja.

"Basi si njo yeye amepata!"

Na wakammwagia. Wakammwagia kichwani, shingoni, ndani ya tai ya sherehe, mpaka ndani ya masikio, wakizunguka na kuimba kama inavyofanywa kwa kila msomi wa mji ule. Kwaya, ikidhani ndiyo ishara, ikaanzisha wimbo wa matoleo, ngoma zikaingia, na kutoka mlangoni vitu vikaanza kupandishwa kwa kucheza, maharagwe, sambaza, mchele, mafuta, majogoo, kondoo akiwa nyuma kama chantre, kiongozi wa kwaya, vyote moja kwa moja mpaka mbele ya altare, ambako Abbé Ignace alivipokea kimoja kimoja na kuvibariki kwa ajili ya batoto ya darasa la kwanza.

Anaclet alinyoosha mkono kwenye kitunga cha sukari kilipompita. Kitunga kikampita. Kilichokwisha fika altare hakina njia ya kurudi, hata yeye, pamoja na maji yake yote ya Lourdes, alilijua hilo.

Akamgeukia Mama Domitille, macho mawili meusi katika uso mweupe.

"Nilikuambia, papa," mama akasema chini kwa chini. "Hata kikombe."

Wakati huo, katika viti vya katikati, walimu waliolipa karo kwa Université Mondiale Sans Murs walikuwa wanasimama mmoja mmoja na kutoka kwa mlango wa pembeni, bila kungoja baraka. Kutoka pale alipokuwa, kupitia mlango mkubwa uliokuwa wazi, Anaclet aliweza kuona ng'ambo ya barabara, chumba chake, kikiwa wazi vilevile. Godoro lilikuwa linapita juu ya kichwa cha mwenyewe. Nyuma yake ilifuata mashine ya kushona. Nyuma ya mashine, redio, imekwisha washwa.

Alifungua kinywa. Poda ikaingia.

Akaikunja diploma, akaiweka kwenye benchi la mbele, karibu na magoti ya Directeur. Kisha akashuka njia ya katikati, kati ya watu wanaocheza, akidondosha unga mweupe kila hatua, akatoka, akashuka ngazi.